Sokoni, ku Soko, mu Soko: Daftari la Safari kutoka Uvira hadi Fizi

Muhula uliopita, katika somo la uandishi, tulisomewa matini ya Kifaransa kuhusu kijana aliyeamka asubuhi moja, akachukua mkoba, akaondoka peke yake bila mpango kuzunguka miji midogo ya pwani ya Italia. Alipita Liguria, katika vile vijiji vitano vinavyoitwa Cinque Terre: Monterosso, Vernazza, Corniglia, Manarola na Riomaggiore. Treni hupenya mahandaki ya milima na kutokea baharini, ikapenya tena, na abiria hushuka popote apendapo. Vinne viko karibu na maji. Corniglia peke yake iko juu, na anayetoka stesheni kwa miguu hupanda ngazi zaidi ya 370. Kisha tukapewa kazi: andikeni safari kama hii kwa Kiswahili.

Zaidi ya nusu ya darasa iliandika kuhusu Italia, nchi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeifika. Nilisoma insha tatu za wenzangu, na zote tatu zilikuwa na jua linalozama na mama mzee anayetoa samaki bure. Mimi nilikuwa na likizo ya siku nne, nikiwa Uvira kwa shangazi yangu, na mbele ya mlango wake inapita barabara ya taifa namba 5, inayofuata ziwa kuelekea kusini hadi Baraka, kisha inapanda mlimani hadi Fizi. Nikaona kwamba pwani ninayo.

Insha yangu ilirudi na alama ya wastani, na pembeni, kwa kalamu nyekundu, swali moja: “Kiswahili gani hiki?” Mwalimu alikuwa amepiga mistari chini ya maneno niliyoyaweka katika vinywa vya watu wa njiani. Tulizungumza, hatukukubaliana, akaniambia niyaandike mawazo yangu kwa jarida hili. Ninayoyaandika hapa ni jibu langu kwake, na kwa sehemu ni jibu langu kwangu mwenyewe, kwa sababu kabla ya kuja kitivoni nilifundisha miaka miwili katika darasa la pili la shule ya msingi, na kalamu nyekundu nimeishika pia.

Kwanza safari yenyewe. Maneno “bila mpango” yana bei nyingine upande wa Fizi. Kijana wa Liguria anaweza kukosea treni, akasubiri ijayo. Huku mtu huuliza kabla ya kupanda. Niliuliza watu watatu stesheni, “Njia iko aje?”, na wote watatu walipojibu kwamba njia iko muzuri ndipo nikalipa. Hata maneno “peke yako” si ya kuaminiwa sana. Katika gari lile tulikuwa watu wanane pale ambapo kiwandani walipanga watano, pamoja na kuku wawili na jerikani za mafuta ya mawese. Kabla ya Makobola nilikuwa nimeshapewa ukoo: mama aliyekaa kulia aliniita “mutoto yangu”, dereva nilimwita yaya, na mzee wa mbele alitaka kujua baba yangu ni wa wapi na babu je. Anayesafiri peke yake kwetu hupewa jamaa kwa nguvu, na kwa mwanafunzi wa lugha hiyo ni bahati kubwa: kila jamaa mpya ana sentensi.

Nilikuwa na daftari. Nilikusudia kuandika kila nitakachosikia, kama tulivyofundishwa katika isimu ya uwandani. Dereva aliponiuliza ninakokwenda nilijibu, “Ninaelekea Baraka.” Yule mama akacheka hadi jerikani zikatikisika. “Anaelekea! Weye uko wa Kigoma?” Sikuwa wa Kigoma. Nilikuwa tu mtu aliyesomea lugha yake mwenyewe vitabuni. Nikaandika daftarini: “Mama aliniuliza kama natoka Kigoma.”

Tazama sentensi hiyo. Mama hakuniuliza hivyo. Alisema *weye uko wa Kigoma*, na mimi nikamtafsiri kutoka Kiswahili kwenda Kiswahili, bila hata kujua kwamba natafsiri. Nilifanya hivyo njia nzima, Makobola, Swima, Mboko, Lusenda, Lweba, huku milima ya Mitumba ikiwa kulia na ziwa kushoto. Kurasa kumi na moja za Kiswahili safi kabisa, ambacho hakuna aliyekisema.

Baraka ndipo nilipolipia.

Nilikuwa nimeazimia kuvuka kwa boti kwenda rasi ya Ubwari, ule ulimi mrefu wa nchi unaoifunga ghuba mbele ya Baraka. Mama wa jerikani naye alikuwa anakwenda huko. Tuliposhuka alichukua mkoba wangu pamoja na mizigo yake, akauweka juu ya mkokoteni, akaniambia nikanywe chai kwanza kisha nimfuate. Maneno yake, nayakumbuka vizuri sasa kwa kuwa yalinigharimu, yalikuwa haya: “Nitakungojea mu soko, pa ba mama ba ndagala.” Nikatoa daftari, nikaandika: “Atanisubiri sokoni kwa kina mama wa dagaa.”

Nilipomaliza chai nilifungua daftari, nikasoma *sokoni*, nikaenda sokoni. Kando ya barabara, pale soko linapoanzia, walikaa wanawake watatu wenye mabeseni ya samaki wakavu. Nikasimama hapo. Nilisimama karibu saa moja. Mama yule alikuwa ndani, kwenye safu ya meza za ndagala, amekaa juu ya mkoba wangu, akiuliza wenzake kama kuna aliyemwona mwalimu wa Kigoma. Tulipoonana boti ilikuwa imejaa na kuondoka. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto mgumu wa kusikia. “Nilikuambia *mu* soko. Sikukuambia *ku* soko.”

Hapa ndipo penye somo, na naomba msomaji avumilie sarufi kidogo.

Kiswahili sanifu kina ngeli tatu za mahali, ya 16, 17 na 18. Sote tumezikariri: *pa* kwa mahali panapojulikana au pa karibu, *ku* kwa mahali kwa jumla au upande unaoelekewa, *mu* kwa ndani. Lakini nomino yenyewe haizitofautishi. Nomino hupewa kiambishi tamati *-ni*, basi, na tofauti husubiri katika upatanisho: *sokoni pale pamejaa*, *sokoni kule kumejaa*, *sokoni mle mmejaa*. Ukikata sentensi baada ya nomino, kama nilivyofanya mimi daftarini, umebaki na *sokoni* tupu. Huwezi kujua tena kama ni pembeni, upande ule, au ndani.

Kiswahili cha mashariki ya Kongo hakifanyi hivyo. Tofauti huwekwa mbele ya nomino, mahali ambapo haiwezi kukatika: *pa soko*, *ku soko*, *mu soko*. Anayesema lazima achague kabla ya kutaja jina. Kweli, *ku* hubeba kazi nyingi kuliko wenzake, na wapo wanaoitumia karibu kila mahali. Sitaki kuwapaka watu rangi ya unadhifu ambao hawana. Lakini wenye kuuza, kusafirisha na kuelekeza, yaani watu ambao kazi yao ni mahali, hawachanganyi hovyo. Mama wa jerikani hakuchanganya hata mara moja. Alipotaja kituo ambako dereva angemshusha abiria alisema *pa*. Alipotaja upande wa Ubwari alisema *ku*. Na mkoba wangu ulikuwa *mu*.

Mpangilio huu haukutokana na uvivu wa kusahau *-ni*. Ni ule ule wa lugha zilizokizunguka Kiswahili huku. Mrundi husema *mu nzu* kwa ndani ya nyumba na *ku musozi* kwa mlimani. Kwenye ncha ya kusini ya ziwa, Kibemba cha Zambia kina *pa*, *ku* na *mu* zote tatu mbele ya nomino, kama mama wa ndagala. (Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asichanganye Kibemba hicho na Kibembe cha Fizi. Nimeona jambo hilo katika kazi ya darasani, na Mbembe mmoja alikuwa amekaa nyuma ya aliyeandika.) Kiswahili kilipofika bara kilikuta watu ambao masikio yao yalitaka mahali patajwe kwanza, nacho kikakubali. Ukipenda uite ukongwe: viambishi vya mahali mbele ya nomino ni mali ya kale ya lugha za Kibantu kwa jumla, na *-ni* ya pwani ndiyo iliyoshika njia nyingine.

Basi nilipokuwa nikisahihisha madaftari ya darasa la pili, na mtoto ameandika *Mama alienda ku soko*, nilikata *ku* kwa mstari mwekundu, nikaandika *sokoni*. Nilifanya hivyo mara nyingi mno. Sikosoi lengo: mtoto lazima ajue *sokoni*, ataisoma vitabuni na atatahiniwa. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa za Kongo, pamoja na Lingala, Kikongo na Tshiluba, na katika mikoa yetu ndiyo lugha ambayo mtoto huanzia nayo shule kabla ya Kifaransa kuchukua nafasi. Ninachokosoa ni mstari. Mstari ulimwambia kwamba hapakuwa na kitu pale. Nilipaswa kumwambia kwamba alichonacho mbele, kitabu hukiweka nyuma, kisha tutafute pamoja kinakwenda wapi: *mu soko mumejaa*, *sokoni mmejaa*. Watoto wa miaka saba wangeelewa. Mimi nilihitaji kukosa boti.

Kwa kuwa nilikosa la siku ile, niliuliza habari za la kesho. Kijana wa boti akajibu: “Inatokaka asubuhi.” Unaona kinachokuja? Niliandika: “Inatoka asubuhi.” Nikalala Baraka, nikaamka gizani, nikafika ufukoni kabla ya jua. Wavuvi walikuwa wanarudi na taa zao. Ulikuwa usiku wa giza, ndio wanaopenda, kwa kuwa ndagala hufuata mwanga wa taa na mbalamwezi huiharibu kazi. Boti la Ubwari lilikuwepo, limelala ubavu, na fundi amelala chini yake. Halikuwa la kwenda popote.

Kijana hakunidanganya. Katika *inatokaka* kuna kipande *-ak-*, ambacho huku hutia maana ya mazoea: kwa kawaida hutoka asubuhi. Sanifu ingesema *hutoka*. Nilipofuta herufi mbili niligeuza desturi kuwa ahadi. Wanafunzi wenzangu wa Bukavu na Uvira wanaitumia *-ak-* kila siku, *tunaendaka*, *anasemaka*, wakiingia darasani wanaivua kama kofia, na sijaona somo hata moja kitivoni linalouliza inafanya kazi gani. Tunafundishwa *hu-* kana kwamba ni wazo jipya tunaloletewa.

Siku hiyo ya pili niliamua kutosafiri. Nilikaa Baraka kutwa, nikaandika kama nilivyosikia, na hapo daftari likaanza kuwa la kuvutia, kwa sababu Baraka haina Kiswahili kimoja. Mwaka 1996 vita vilipoingia, watu wengi wa Fizi walivuka ziwa kwenda Tanzania, na sehemu kubwa wakaishi kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma. Kuanzia 2005 wengi walirudishwa kwa meli kutoka Kigoma hadi bandari ya Baraka. Wapo waliokwenda wakiwa migongoni mwa mama zao, wakarudi vijana. Kwenye meza moja ya soko nilimsikia mama akisema “mutu mwenye alinunua jana”, na binti yake, kwa mteja yule yule, “mtu aliyenunua jana”. Mama anaunda kirejeshi kwa *mwenye*, binti kwa *-ye-*. Mama anauza ndagala, binti anauza dagaa. Beseni ni moja. Mteja akiwa Mzee wa mlimani, binti naye husema ndagala. Nikamuuliza yeye huongea Kiswahili gani hasa. Akajibu kwamba inategemea nani ananunua.

Nilimuuliza pia kuhusu majani ya muhogo. Sombe nyumbani, kisamvu kwa wale waliokaa sana ng'ambo, na kuna mwalimu wake mmoja aliyemkataza zote mbili akitaka aandike “mboga ya majani ya muhogo”. Wali ni mchele hata ukishapikwa. Mkaa ni makala. Binti alitaja hayo kwa haraka, bila aibu, kama mtu anayehesabu chenji.

Ubwari sikufika. Niliitazama tu kutoka ufukoni, na hilo lilinikumbusha Richard Burton, aliyepita na John Speke mwaka 1858 kwa mitumbwi kutoka Ujiji hadi Uvira na kuiandika Ubwari kama kisiwa. Si kisiwa; imeshikana na bara upande wa kusini. Mtu mwenye wakalimani, wapagazi na vyombo vya kupimia alikosa jambo ambalo mkaazi yeyote angeweza kumwonyesha kwa kidole. Ramani zikaipa ghuba ile jina lake hata hivyo. Mgeni mwingine aliyevuka kutoka Kigoma, Aprili 1965, Che Guevara, alikuja kuwasaidia waasi wa Fizi, na angalau alikubali kuwa mwanafunzi: kijana wa Kikongo, Freddy Ilanga, alimfundisha Kiswahili, na jina lake la vita lilikuwa namba, Tatu. Sisemi zaidi kuhusu vita hivyo. Nataja tu kwamba katika pwani hii wageni wamekuwa wakija na madaftari kwa muda mrefu.

Na sisi Waswahili tumeandika safari zetu pia, jambo ambalo lingefaa kusomwa kabla ya Liguria. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha *Safari za Wasuaheli*, mkusanyiko wa safari zilizosimuliwa na waliozifanya. Mmoja wao, Selim bin Abakari, alifika Urusi na Siberia. Wasifu wa Tippu Tip, Hamed bin Muhammed, ambao una njia za Maniema na Tanganyika ndani yake, ulitolewa na Heinrich Brode muda mfupi baadaye. Hizo ni kazi zetu za kwanza kubwa za nathari ya safari. Ukizisoma utaona *-ka-* ikivuta hadithi mbele, *tukaenda*, *tukafika*, *tukalala*, kama kamba inayopita katika shanga. Hiyo *-ka-* katika mazungumzo ya Baraka niliisikia kwa nadra sana, na karibu mara zote kutoka kwa waliokulia Nyarugusu. Wengine walisimulia kwa *-li-* na *njo*: *tulifika, njo tulilala*. Hii *njo*, ndugu ya *ndiyo*, inastahili tasnifu, na kama kuna mwenzangu anayetafuta mada, namwachia.

Siku ya tatu nilipanda Fizi kwa pikipiki. Barabara inaacha ziwa, inapinda, hewa inaanza kuwa baridi, na kila ukigeuka maji yako chini zaidi. Fizi ndiyo makao makuu ya teritwari, ingawa Baraka imeizidi kwa watu na biashara. Imekaa juu kama Corniglia, ila ngazi hakuna, kuna udongo mwekundu. Niliuliza mzee mmoja nyumba ya padri ninayemfahamu. Akasimama, akanyoosha fimbo: “Utapita pa shule, utapanda ku mulima, utamukuta mu nyumba ya mabati.” Niliandika kila neno, hata *u* ya *mulima*. Sikupotea.

Baki la mjadala na mwalimu wangu ni hili. Yeye anakubali sasa kwamba maneno ya watu yawekwe kama yalivyo ndani ya alama za kunukuu, na masimulizi yabaki sanifu. Ndivyo nilivyoandika makala hii, na nadhani kwa jarida inafaa. Lakini si suluhisho kamili. Mpangilio huo humfanya msimulizi awe mtu wa Kigoma siku zote na mama wa jerikani awe mtu wa alama za kunukuu siku zote, hata pale mama anapojua zaidi. Nimejaribu kuiandika safari ile ile upya, mimi mwenyewe nikisema *mu* na *ku*, na bado sijaridhika. Kila ukurasa wa pili mkono unarudi kwenye *-ni* wenyewe.

Kwa semina ya sarufi ya wiki ijayo naleta sentensi nne za daftari, zote zilizosemwa Baraka siku moja, na naomba kila mmoja aje amekwisha kuziandika kwa sanifu bila kupoteza kitu:

Papa iko pa mulango, mama iko mu nyumba.

Batoto balienda ku maji.

Ile boti yenye ilitoka jana inarudiaka pa Baraka siku ya soko.

Nilikuambia mu soko, sikukuambia ku soko.